Upande wa Kushoto wa Tandiko

Katika nyumba ya Fundi, neno lililosemwa mara nyingi kuliko yote halikuwa karibu wala pole. Lilikuwa shuka. Fundi alilisema akiwa ameinamia kazi, bila kugeuka, nyundo mkono mmoja na patasi mkono wa pili, na watoto wake walishuka. Baada ya dakika tano walikuwa wameshapanda tena. Kilichopandwa na kushukwa hivyo ni tandiko la farasi, na farasi mwenyewe hakuwapo. Palikuwa na gogo tu lililopigiliwa miguu minne, la kuwekea kazi, ambalo nyumba nzima ililiita punda.

Lilikuwa tandiko la mapambo, na Fundi hakuwahi kutengeneza lingine kama hilo. Mkate wake ulitoka kwenye matandiko ya kazi, yale ya ngozi nene yasiyo na urembo, ambayo mtu huyamwagia jasho na kuyasahau. Hili liliagizwa na bwana mmoja mwenye farasi mweupe aliyependa kutazamwa. Fundi akampa cha kutazamwa. Kwenye kila ubawa, yaani ile ngozi pana inayoning'inia pembeni ambapo mpandaji hubana miguu, aligonga nakshi za maua na majani yanayofuatana bila kukatika. Kando yake akapigilia njumu za shaba, na chini akashona vishada saba vya uzi mwekundu kila upande. Kazi hiyo ilimla msimu mzima. Siku anapigilia njumu ya mwisho, yule bwana alikuwa ameshamuuza farasi na kununua gari, na gari halitandikwi. Tandiko likabaki karakanani. Na kwa kuwa karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, likabaki humo na familia, likala vumbi nao na kusikia ugomvi wao wote.

Miaka ikaenda. Farasi wakapungua, wateja wakageuka kuwa watu wa mikoba na mikanda, kisha hata hao wakaadimika. Watoto watatu wakakua wakahama, ingawa kitindamimba hakwenda mbali, ni mitaa miwili tu, na wanawe watatu walikuja kwa bibi yao kila wapendapo. Fundi alipofika umri wa kusema magoti yake yanajua mvua kabla ya mawingu, alifunga karakana. Vifaa vikaingia sandukuni. Tandiko likabaki juu ya punda, na neno shuka likahamia kwa wajukuu.

Basi siku moja akaja mwalimu wa kuchora. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye rangi kwenye kucha, na alifundisha watu wazima kila Jumanne asubuhi katika ukumbi wa maktaba ya mtaa. Alikuwa amechoka, alisema, kuwachoresha wanafunzi wake matunda.

"Shikamoo, Fundi. Nimesikia una tandiko."

"Marahaba. Ninalo. Lakini siliuzi."

"Sinunui. Nataka kuliazima. Wanafunzi wangu walichore kwa Jumanne kumi, halafu tufanye maonyesho."

Fundi alijitia kufikiri. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele kwenye mlango wa uani, alimwona masikio yakimcheza akajua jambo limekwisha. Kwa zaidi ya miaka thelathini mzee huyu alikuwa amengoja mtu aingie, alitazame tandiko lile, na aseme kitu. Wageni waliingia, wakaliwekea makoti.

"Nakubali," Fundi alisema hatimaye. "Ila halilali nje. Nalileta asubuhi, nalirudisha mchana."

Kila Jumanne basi mwalimu alimfuata kwa gari, na Fundi akaenda na tandiko lake mapajani kama mtu anayempeleka mtoto kliniki. Ukumbini aliliweka juu ya meza, upande wa kushoto ukitazama wanafunzi kwa sababu mwanga wa dirisha ulitoka huko, kisha akakaa karibu na mlango na gazeti. Hakutazama picha. Alijua ustaarabu: mtu akila, humwangalii mdomoni. Mwenyewe alijiwazia maua yake, jani moja baada ya lingine, yakihamia kwenye karatasi kumi na mbili, na siku ya maonyesho mtaa mzima ukipita mbele yake. Aliwaza hayo akageuza ukurasa wa gazeti ambao hakuwa ameusoma.

Jumanne ya tisa gazeti lilikuwa la jana. Fundi akainuka kunyoosha magoti, akapita nyuma ya wanafunzi. Alipofika mwisho wa mstari, uso ulikuwa umemshuka.

Maua yalikuwapo, ndiyo. Lakini katika kila picha, kitu kilichokaa kwenye mwanga na kupewa rangi nzuri kuliko vyote kilikuwa kipara kimoja. Kwenye ubawa wa kushoto, juu, karibu na pembe ya mbele ya tandiko, ile inayochomoza kama kifundo, ngozi ilikuwa imesuguliwa hadi ikapoteza rangi, na maua ya hapo yalikuwa yamelala bapa kabisa. Chini yake vishada vitatu kati ya saba havikuwapo, na mahali pake palitoka nyuzi tupu. Mwanafunzi mmoja, dereva wa lori, alikuwa amezichora zile nyuzi moja moja, kwa mapenzi. Hakuna aliyekosea kitu. Ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni kwa heshima zote, naye akarudi kwao kusimulia habari za choo.

Fundi alikunja gazeti. Alirudisha tandiko nyumbani, akafungua sanduku la vifaa, na kwa siku tano hakuonekana mtaani. Akaganga mishono iliyolegea kwa msharasi, ile sindano nene ya ngozi, na uzi wa nta. Maua yaliyolala akayagonga upya, petali kwa petali, mkono ukiwa mzito mwanzoni kisha ukakumbuka kazi. Kipara akakipaka rangi mara nne hadi kikalingana na ngozi nyingine. Akashona vishada vitatu vipya, vyekundu, akavichovya kwenye chai vifanane na vile vya zamani. Kilichobaki ni nta ya kuizuia rangi isitoke, nayo ilitaka ngozi ikauke wiki nzima, akasema ataipaka baada ya maonyesho.

"Umelifanya biharusi," mkewe alisema.

"Nimelifanya lilivyokuwa."

"Na hao watu wako, uliwauliza?"

"Nani humuuliza mgeni kama anataka nyumba ifagiliwe?"

Mkewe akarudi jikoni kwa namna yake ya kurudi jikoni, ambayo Fundi aliifahamu na ambayo siku hiyo aliamua kutoifahamu.

Jumanne ya kumi aliliweka mezani, akaondoa kitambaa, akarudi nyuma hatua mbili kungoja. Mwalimu alifuta kucha zake kwa shati.

"Fundi," alisema taratibu, "umelitengeneza."

"Nimelitengeneza," Fundi alisema, na bado alikuwa akitabasamu.

Wanafunzi wengi walikuwa wamekwisha maliza. Walicheka kidogo, wakamsifu, wakaendelea kurekebisha hapa na pale. Aliyebaki ni mmoja, mama wa makamo aliyestaafu ukunga mwaka uliopita na ambaye wote walimwita Mkunga. Yeye hakuchora kama wenzake. Mwalimu alikuwa amemwambia tangu mwanzo kwamba picha huanzwa kote kwa pamoja, lakini yeye alianzia pembe ya kulia akaenda kama mtu anayefuma, asiondoke mahali kabla hapajakwisha. Karatasi yake sasa ilikuwa imejaa, isipokuwa tobo moja jeupe upande wa kushoto, juu, lenye ukubwa wa kiganja, na chini yake tobo dogo la vishada. Alikuwa amepaacha kwa kupenda. Alitaka pawe pa mwisho.

Mkunga aliliangalia tandiko kwa muda. Kisha akachovya brashi yake ndani ya maji, akaifuta, akaiweka chini.

"Limependeza sana, Fundi," alisema. "Hongera kwa kazi."

Sauti ile ndiyo iliyolifuta tabasamu la Fundi. Alikuwa ameisikia mara nyingi kinywani mwake mwenyewe, kila alipomwambia mteja asiye na adabu kwamba hakuna neno. Akavuta kiti.

"Mama, nimekuharibia."

"Hukujua tu. Basi."

"Si uchore kwa kukumbuka? Wiki tisa umelitazama."

"Nisichokiona sikichori. Mkunga habahatishi." Akafungua daftari lake dogo. Humo, kwa penseli, kipara kilichorwa ukurasa baada ya ukurasa, kikubwa, kidogo, kwa upande, pamoja na mistari ya kipimo. "Fundi, niulize jambo ambalo limenisumbua tangu Jumanne ya kwanza. Nani alikuwa anakaa hapa?"

"Hapa wapi?"

"Mbele huku, karibu na pembe. Mimi sijui farasi, ila miili naijua. Mtu mzima goti lake halifiki juu hivi. Aliyesugua hapa alikuwa na paja fupi kama hivi." Akaonyesha kwa viganja viwili, kwa mazoea ya mtu aliyepima vitu vidogo maisha yake yote.

Fundi alitazama viganja vile. Kazi hiyo aliijua tangu ujana, na akipewa tandiko lolote lililotumika aliweza kusema uzito wa mwenyewe na mguu anaochechemea. La kwake hakuwahi kulisoma. Aliliona limeharibika tu.

"Watoto wangu," alisema.

"Nilijua ni watoto." Mkunga alifunga daftari. "Nimewapokea watoto miaka thelathini na miwili, Fundi. Nawafuta, nawapima, nawakabidhi, basi. Mlango unafungwa. Sijui walikwenda wapi, walicheza na nini. Nilipoona hapa, nikasema, kumbe. Hawa walifika." Alitabasamu, na macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha. "Usijali. Nitapaachia weupe."

"Picha zinatundikwa lini?"

"Jumamosi asubuhi," alisema mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma yao muda wote.

"Mama, njoo kwangu Ijumaa," Fundi alisema. "Utakikuta kipara chako."

Ilikuwa rahisi kusema. Alasiri ile Fundi alikata vishada vitatu vipya, akaacha nyuzi zining'inie, na hapo moyo ulimuuma kidogo tu. Kisha akachukua kitambaa na limau aing'oe rangi. Ulimwengu mzima ulijua Fundi hakosei ngozi. Alisugua, akapumzika, akasugua, na alipomaliza palikuwa na mabaka matatu yenye kingo kali, mfano wa kichwa chenye choa. Mtu yeyote angeona kwamba hapo pamechezewa na mtu mzima. Miaka hamsini alijifunza kuizuia ngozi isichakae, na hata siku moja hakujifunza kuichakaza.

Mkewe alikuja na kikombe cha chai, akainama kutazama.

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu," alisema.

"Usianze."

"Sianzi. Nasema hao wajukuu waje. Rangi yako si haina nta? Inatoka ukiigusa. Waache wapande. Waliotengeneza kile kipara walikuwa na ukubwa gani?"

Fundi alimtazama mwanamke huyu aliyemwoa kwa ajili ya macho na kukaa naye kwa ajili ya akili. Akapiga moyo konde. "Waje," alisema.

Wakaja Jumatano, walipotoka shule, watatu, na bibi yao akawaambia wapande tandiko. Hawakuamini. Walimtazama babu. Babu akaitazama dari. Yule mkubwa akapanda, wa pili akapanda nyuma yake, wakaanza kupiga mbio kwenda nchi isiyojulikana, punda akilia miguu yote minne, na Fundi, akiwa anapekua gazeti, akasema bila hata kuinua uso:

"Shuka."

Wakashuka. Wakavaa viatu, wakaenda kwao, kimya, kwa adabu yote. Ikabidi bibi awafuate mitaa miwili akawabembeleze, naye aliporudi nao alimpa mumewe jembe na kumwonyesha mlango wa uani. "Nenda ukapalilie."

"Nilishapalilia."

"Basi palilia tena."

Alhamisi pia alifukuzwa. Lakini bustani ilikuwa ndogo na dirisha la chumba cha mbele lilitazama huko, na mtu aliyesimama na jembe lazima atazame mahali. Yule mjukuu wa katikati, msichana wa miaka sita mwenye pengo, alikuwa peke yake na punda. Alikuja upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia ulikuwa ukutani. Alishika vishada kwa mkono, vyote alivyoweza, akaweka goti juu ya maua, akajivuta. Alipokaa, vigwe vya kumwongozea farasi, alivyofungiwa na bibi yake kwenye pembe, vilikuwa mbali, na mikono yake mifupi. Akajisogeza mbele, akajisogeza tena, hadi tumbo likagusa pembe, mapaja yakabana ngozi palepale. Hapo akavipata vigwe. Akaanza safari.

Fundi aliegemea jembe. Hivi ndivyo alivyopanda mama yake. Hivi ndivyo walivyopanda wote watatu, kila siku, miaka na miaka, nyuma ya mgongo wake, naye yupo chumba hichohicho akigonga maua kwenye ngozi za watu. Hakuwahi kugeuka akaona. Alisikia furaha na haya kwa pamoja, moja ikimsukuma mwenzake, akashindwa kujua ipi atangulize. Akapiga jembe mara moja kwenye udongo usio na gugu hata moja.

Jioni mama wa watoto, kitindamimba mwenyewe, alikuja na suruali mbili mkononi. Zilikuwa na rangi ya kahawia ndani ya mapaja, hazikusikia sabuni.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni tandiko langu," Fundi alisema. "Lipo kwako nusu."

Binti akaingia, akaona. Kingo kali za limau zilikuwa zimefifia, mabaka yameungana, na katikati ngozi ilianza kung'aa kwa ule mng'ao mlaini usiopakwa na mtu. Akacheka, akapitisha kidole juu ya nyuzi tupu. "Viwili nilivikata mimi," alisema. "Nilisema ni kaka, akachapwa yeye. Cha tatu sikumbuki."

"Cha tatu alikikanyaga baba yako akitafuta miwani," mama yake alijibu kutoka jikoni. "Navyo vyote ninavyo, kwenye kopo la vifungo."

Ijumaa Mkunga aliwasili mapema na kikapu cha rangi. Alikaa karibu na dirisha, akalikodolea tandiko macho muda mrefu, na Fundi alisimama mlangoni asijue aweke wapi mikono.

"Si kilekile," Mkunga alisema.

"Najua."

"Kimepanuka kidogo. Na hapa pana alama ya gumba."

"La mjukuu wa katikati. Alikuwa anakula embe."

"Basi ni mdogo wa kile cha kwanza." Akachovya brashi. "Nachora huyu." Akachora hadi adhuhuri, ila mara moja, aliposimuliwa habari za vishada, aliomba kuonyeshwa kopo la vifungo, akavitazama vile vishada vitatu vilivyopauka, akavirudisha, akafunika vizuri.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Fundi alivaa koti. Picha ya Mkunga ilitundikwa mkabala na mlango, na chini yake, kwenye kipande cha karatasi, ameandika: Tandiko la watoto watatu, na wengine watatu. Watu walisimama hapo kuliko penginepo. Bwana mmoja mwenye fimbo aliisogelea, akakaza macho, kisha akasema maneno yaliyongojewa zaidi ya miaka thelathini, na akayasema vizuri.

"Aliyegonga maua haya alikuwa fundi kwelikweli."

Mkewe alimpiga Fundi kikumbo ajitokeze. Fundi akajitokeza, akamshika bwana yule mkono, akashukuru, maana sifa ni sifa na hakuwa mnafiki. Lakini alipoulizwa habari za tandiko, alijikuta akionyesha juu, upande wa kushoto, na kueleza kwa kirefu jinsi goti linavyotangulia, na kwa nini mikono mifupi humvuta mpandaji mbele. Yule bwana aliondoka akidhani mzee alikuwa na wanafunzi wa kupanda farasi.

Jumapili tandiko lilikuwa mahali pake, na kopo la nta limefunguliwa mezani, kwani rangi ilikuwa imekauka. Fundi alitoka chumbani akikohoa kikohozi chake cha asubuhi. Mjukuu wa katikati alikuwa juu ya punda. Aliposikia kikohozi, mguu mmoja ulikuwa tayari hewani, ukitafuta sakafu.

Fundi aliiangalia nta. Akachukua mfuniko, akaubana juu ya kopo kwa kiganja.

"Kaa," alisema.

Mtoto akakaa, mgongo wima, amebana katikati kabisa ya tandiko, mahali ambapo mpandaji yeyote aliyefundwa hukaa. Babu alizunguka upande wa kushoto, akainama, magoti yakimlalamikia, akatazama mguu ulipogusa ngozi.

"Umekaa nyuma mno," alimwambia. "Sogea mbele."